Dakika ya Kwanza Haisubiri Gari Lishuke Mombo

Mapafu ya mtoto aliye tumboni hayajawahi kupokea hewa. Yamejaa majimaji, na oksijeni yote anayoitumia humfikia kupitia kondo la nyuma na kitovu. Akizaliwa tu, utaratibu huo unakoma. Inabidi avute pumzi, hewa iyasukume yale majimaji kutoka kwenye vifuko vya mapafu, mishipa ya damu ya mapafu ifunguke, na moyo uanze kupeleka damu kwa njia mpya. Yote hayo yanatakiwa kufanyika ndani ya muda mfupi sana.

Watoto wengi hulimudu jambo hili bila msaada. Kati ya watoto 100, takriban 85 hulia au hupumua wenyewe ndani ya nusu dakika. Kumi hivi huamka wakikaushwa kwa kitambaa na kusuguliwa mgongo. Watatu hadi sita huhitaji kupewa hewa kwa barakoa na mfuko wa ambu. Wanaohitaji kubonyezwa kifua au kupewa dawa hawafiki mmoja. Maana yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa kimya, mara nyingi, anaweza kuokolewa kwa kitambaa kikavu, barakoa inayomtosha na mtu anayejua kuvitumia kabla dakika ya kwanza haijaisha.

Katika Milima ya Usambara mtu huyo kwa kawaida ni muuguzi mkunga, sista kama wengi tunavyomwita. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara inateremka kwa kona nyingi kupitia Soni hadi Mombo, ndipo ikutane na barabara kuu iendayo Tanga, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, au Moshi, kwenye KCMC. Mama wa Mtae au Mlalo ana vilima vingine vya kuvuka kabla hata hajafika Lushoto. Ubongo wa mtoto uliokosa oksijeni huanza kuumia ndani ya dakika chache. Kwa hiyo rufaa, hata iwe ya haraka kiasi gani, haiwezi kuifikia dakika hiyo ya kwanza. Msaada lazima uwe tayari chumbani, mikononi mwa sista aliye zamu.

Takwimu za nchi zinaonyesha uzito wa jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta watoto 67 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai wakifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 idadi ilikuwa imeshuka hadi 43, hatua kubwa ya kujivunia. Lakini vifo vya watoto wa chini ya siku 28 vilitoka 25 na kufika 24 tu. Chanjo, vyandarua na dawa vimewaokoa wengi waliokwisha kukua kidogo, ilhali mtoto mchanga amebaki nyuma. Leo zaidi ya nusu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano hutokea ndani ya mwezi wa kwanza. Lengo la dunia ni vifo vya watoto wa chini ya siku 28 kufikia 12 au pungufu kwa kila 1,000 ifikapo 2030.

Marekani ilianza miaka ya 1970 kuwaandaa wauguzi wabobezi wa watoto wachanga mahututi. Leo wauguzi hao husoma hadi shahada ya uzamili, huandika dawa, huingiza mpira wa hewa kooni na kusimamia matibabu ya wodi nzima. Kwetu wilayani, sehemu kubwa ya uangalizi wa mtoto mahututi huangukia kwa muuguzi wa kawaida mwenye cheti, stashahada au shahada, na mara nyingi daktari wa kumsaidia anahitajika wodi nyingine pia. Swali la msingi, basi, ni namna ya kumfundisha muuguzi huyu ili ujuzi umkae.

Somo la Haydom

Jibu zuri limetoka humu humu nchini. Mwaka 2009 Wizara ya Afya na washirika wake walianza kujaribu katika hospitali 8 za Tanzania mpango wa kuwasaidia watoto kupumua, unaojulikana duniani kwa jina la Helping Babies Breathe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47, na watoto waliozaliwa wafu muda mfupi baada ya moyo kusimama wakipungua kwa asilimia 24.

Chombo kikuu cha mafunzo hayo ni mwanasesere aitwaye NeoNatalie, aliyetengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Norway. Hujazwa maji ya uvuguvugu ili awe na uzito na ulegevu wa mtoto mchanga wa kweli. Mkufunzi hushika vipira vidogo vilivyounganishwa naye: akibonyeza kimoja, kifua huinuka, akibonyeza kingine, kitovu hudunda kwa mapigo ya moyo. Akiviacha, mwanasesere hulala kimya, na hapo kazi ya mwanafunzi inaanza. Anamkausha, anamsugua mgongo, anakinyoosha kichwa kidogo ili njia ya hewa ifunguke. Barakoa inafunika kidevu, mdomo na pua bila kugusa macho. Anabonyeza ambu kwa mwendo wa pumzi 40 kwa dakika huku macho yake yakiwa kifuani. Kifua kisipoinuka, hewa haijaingia: arekebishe kichwa, aikaze barakoa, asafishe makamasi, afungue mdomo kidogo, ajaribu tena.

Ukiyasoma haya utaona ni mepesi. Ugumu uko kwenye barakoa inayovuja upande mmoja bila mtu kugundua, na kwenye sekunde zinazopotea wakati sista anatafuta ambu au anaendelea kunyonya makamasi yasiyokuwepo. Watafiti wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, walilipima jambo hili kwa kusimama kando ya vitanda vya kujifungulia na saa mkononi. Waligundua kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa mtoto hewa ziliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 16.

Haydom ndiko lilikopatikana somo ambalo kila mganga mfawidhi angefaa kulijua. Mwaka 2010 wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja. Miezi saba baadaye walipimwa tena kwa mwanasesere, wakafanya vizuri kuliko kabla ya mafunzo. Lakini leba, kwa mtoto wa kweli, utendaji wao haukuwa umebadilika. Semina ilikuwa imewapa maarifa, na maarifa hayo hayakufika kitandani.

Hospitali ikabadili utaratibu. Kuanzia mwaka 2011 mwanasesere aliwekwa pale pale leba, na wahudumu wakafanya mazoezi mafupi ya dakika chache kila wiki, pamoja na mazoezi marefu kidogo kila mwezi. Hakuna aliyesafiri, na wodi haikubaki bila watu. Katika mwaka uliofuata vifo ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Idadi ya watoto waliosuguliwa iliongezeka, na waliohitaji ambu wakapungua, yaelekea kwa sababu wahudumu waliwahi kuchukua hatua ya kwanza.

Mtindo huo wa mazoezi mafupi ya mara kwa mara uliendelezwa katika hospitali na vituo vya afya 30 kwenye mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, pamoja na vifaa bora vya kufuatilia mapigo ya moyo ya mtoto. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto kabla tu ya kuzaliwa na ndani ya siku ya kwanza vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000.

Haydom ni hospitali ya kijijini, ya nyanda za juu, inayoendeshwa na Kanisa la Kilutheri. Hospitali ya Bumbuli, hapa Usambara, nayo ni hivyo. Kilichowezekana kule hakihitaji muujiza kuwezekana Usambara.

Baada ya pumzi ya kwanza

Mtoto akishapumua, mafunzo ya muuguzi wake ndiyo kwanza yanaanza, hasa akiwa njiti. Lushoto adui wa kwanza ni baridi. Mwezi Juni na Julai ukungu hukaa hadi asubuhi inakwenda, na sakafu ya saruji haipati joto. Mtoto anatakiwa kuwa na nyuzi joto 36.5 hadi 37.5 za Selsiasi. Njiti ana ngozi nyembamba na mafuta kidogo mwilini, hivyo hupoa haraka. Akipoa hutumia oksijeni na sukari nyingi kujipasha joto, sukari ya damu inashuka, kisha anaacha kunyonya na kupumua kwake kunalegea.

Dawa ya baridi hiyo ni kifua cha mama. Mwaka 1978 madaktari wa Bogotá, Kolombia, walianza kuwalaza njiti kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, njia inayoitwa sasa kangaruu. Kwa miaka mingi ilitumiwa baada tu ya hali ya mtoto kutulia. Mwaka 2021 utafiti wa nchi tano, uliohusisha Hospitali ya Taifa Muhimbili na watoto 3,211, ulijaribu kuianza mapema, muda mfupi baada ya kuzaliwa, hata kwa watoto ambao hali zao hazijatulia. Kati ya walioanza mapema walifariki asilimia 12.0, na kati ya waliosubiri asilimia 15.7. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hiyo ianze mara moja.

Hapa ustadi wa muuguzi ni wa kuona na kuongea. Anamfunga mtoto kwa khanga kifuani pa mama, kofia na soksi zikiwa mahali pake, kisha anamwambia, “Mama, mgeuze uso pembeni, pua yake niione.” Mama akichoka, bibi wa mtoto au baba anapokea zamu.

Tatizo la pili la njiti ni mapafu. Kabla ya wiki 34 hivi za mimba mapafu huwa hayajatengeneza vya kutosha ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane, na bila utelezi huo kila kifuko hunata ndani mithili ya mfuko wa plastiki uliolowa. Mashine ya CPAP ya viputo hupeleka hewa yenye oksijeni puani kwa mirija laini, na mrija wa kutolea pumzi unazamishwa ndani ya chupa ya maji. Ukizama sentimita 5, shinikizo linalobaki kwenye mapafu ni la sentimita 5 za maji, linalotosha kuzuia vifuko visijifunge. Viputo vikikoma, muuguzi aliyefundwa anajua hewa inavuja mahali, anaanza kukagua pua, mirija na kina cha maji. Anajua pia kwamba oksijeni ikizidi huweza kuharibu macho ya njiti, hivyo husoma kipimo cha kidoleni na kuishikilia oksijeni ya damu kati ya asilimia 90 na 95. Kwenye mwinuko wa Lushoto, ambako shinikizo la hewa ni karibu asilimia 85 ya lile la Tanga mjini, kipimo hicho hakifai kukosekana wodini.

Jicho la muuguzi limewahi hata kuzaa tiba mpya. Mwaka 1956, katika Hospitali ya Rochford, Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa akiwatoa njiti nje waote jua. Akamwonyesha daktari mtoto aliyepungua umanjano mwili mzima isipokuwa pale shuka lilipomkinga. Kutokana na alichokiona zilitengenezwa taa za bluu zinazotibu manjano ya watoto wachanga duniani kote. Mzazi asije akadhani kuanika mtoto juani nyumbani kunatosha: manjano makali huharibu ubongo, na jua la Lushoto lenye ukungu na baridi halina kipimo. Mtoto mwenye manjano apelekwe akapimwe.

Kinachotakiwa

Stadi zote hizi, za barakoa, joto, viputo na taa, zina tabia moja: hufifia zisipotumiwa. Hivyo desturi ya kumhamisha muuguzi aliyefundwa kutoka wodi ya wachanga kwenda wodi ya wanaume au kliniki ya nje, ati zamu zizunguke, hupoteza ujuzi uliogharamiwa. Abaki, na anayeingia apangiwe mzoefu wa kumlea. Kila leba iwe na mwanasesere wake nje ya kabati, na dakika chache za mazoezi ziandikwe kwenye ratiba ya wiki, tena kituo cha afya cha kijijini kikipewa kipaumbele, kwa kuwa kiko mbali zaidi na msaada.

Wapo watoto watakaohitaji kushushwa Tanga au Moshi. Kwa hao upo mfumo wa m-mama: piga bure namba 115, na pale ambapo gari la wagonjwa halipo, hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Mtoto asafiri kifuani kwa mama, akiwa na joto, na muuguzi anayemfuata awe anajua kutumia ambu garini.

Nawe msomaji, ukiwa na mtoto mchanga asiyenyonya, anayepumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, ambaye kifua chake chini ya mbavu kinabonyea, aliyepoa au mwenye homa, mwenye degedege au manjano, usingoje kupambazuke. Mpeleke kituoni. Na kwenye vikao vya kamati ya afya ya kata yako, bajeti inapojadiliwa, uliza swali hili: wauguzi wetu wa leba walifanya mazoezi lini mara ya mwisho?