Kamba ya Lulanga Haikukosea

Kila Noeli hapa Bukavu, ukipita karibu na parokia yenye kwaya kubwa, iwe Kadutu au Ibanda, hukosi kusikia "Haleluya" ya Handel. Waimbaji themanini, kinanda cha umeme kimefunguliwa hadi mwisho, spika mbili mlangoni. Naipenda, na nimeifundisha mwenyewe miaka mingi. Lakini Handel hakuisikia hivyo. Mwaka 1754, makao ya kulelea watoto waliotupwa mjini London, Foundling Hospital, yaliwalipa wanamuziki walioimba na kupiga *Messiah*, kazi ambamo "Haleluya" imo, na hesabu ya malipo hayo ipo hadi leo: wapigaji wa vyombo 38 hivi, waimbaji karibu 20 tu. Vyombo vilizidi sauti za watu! Umati ulikuja mwaka 1784, Handel akiwa ameshalala kaburini miaka 25, watu zaidi ya 500 walipojazana Westminster Abbey kumkumbuka. Sisi tumerithi Messiah ya umati ule.

Wapo wanamuziki ambao hesabu kama ile iliwanyima usingizi. Nikolaus Harnoncourt alikuwa akipiga selo katika orkestra kubwa ya Vienna. Mwaka 1953, pamoja na mkewe Alice, mpiga fidla, na marafiki wachache, alianzisha kikundi kidogo, Concentus Musicus Wien. Walitafuta vyombo vya zamani, wakavitengeneza, wakajifunza upya namna ya kuvishika. Miaka minne ilipita kabla hawajasimama mbele ya hadhara. Miaka minne ya mazoezi kwa watu waliokuwa tayari mafundi! Waliamini kwamba chombo cha zamani si chombo kibovu kilichokuwa kikisubiri kurekebishwa, na kwamba mtunzi alikijua na kuandika kwa ajili ya sauti yake hasa.

Nyuzi za fidla ya wakati ule zilikuwa utumbo wa kondoo uliosokotwa na kukaushwa. Utumbo haung'ari kama chuma. Sauti yake ina ukwaruzo kidogo mwanzoni, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kutamka neno. Upinde nao ulipinda kwa nje, mwepesi kwenye ncha, kwa hiyo noti huvimba kisha hufifia yenyewe. Upinde wa leo, ambao François Tourte wa Paris aliukamilisha mwishoni mwa karne ya 18, umetengenezwa ili sauti iende ndefu bila kukatika. Piga wimbo wa Bach kwa upinde wa Tourte, utasikia mstari. Upige kwa upinde wa kale, utasikia mtu anazungumza.

Halafu kuna kimo cha sauti. Ile noti ya la ya mizunguko 440 kwa sekunde, ambayo simu zetu zote zinaifuata, ilikubaliwa kimataifa mwaka 1939. Enzi za Bach na Handel kila mji ulikuwa na la yake, na mara nyingine kanisa moja lilikuwa na mbili. Orkestra nyingi za muziki wa kale sasa hutumia 415, yaani karibu nusu toni chini. Ukifundisha kwaya utaelewa mara moja maana yake: wasoprano hawahitaji tena kupiga kelele. Niliwahi kuchukua waimbaji 18, nikazima kinanda, nikashusha "Haleluya" nusu toni. Maneno yalisikika hadi benchi la nyuma.

Na kina Harnoncourt walijuaje haya yote? Kwa kusoma. Quantz aliandika kitabu cha kufundisha filimbi mwaka 1752, Leopold Mozart akaandika cha fidla mwaka 1756, na humo wanaeleza noti ipi ilemewe na ipi iguswe tu, na urembo uanzie wapi.

Mimi somo hili, la kukisikiliza chombo kabla ya kukirekebisha, sikulipata kitabuni. Nilikwenda upande wa Walungu kumwona mzee mmoja mpiga lulanga. Kwa asiyeijua: ni ubao mrefu uliochongwa kama karai jembamba, wenye meno kwenye ncha zake mbili, na kamba moja ndefu inayopita huku na huku kwenye meno hayo hadi zitokee nyuzi kadhaa. Ni ndugu wa inanga ya Rwanda na enanga ya Wahaya, na juu yake Bashi, watu wa huku kwetu, wamesimulia habari ndefu, nusu wimbo nusu maongezi. Zamani kamba ilikuwa kano ya ng'ombe. Wengi sasa hufunga nailoni. Ya mzee ilikuwa kano. Nikasikia uzi wa tatu "umekosea", nikatoa simu, nikaanza kuukaza ufike kwenye noti ya kinanda changu. Ukakatika.

Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, ulikuwa unautafutia nini huko?" Na kwa kuwa nyuzi zote ni kamba moja, lulanga nzima ilikuwa imelala kimya. Niliona aibu ambayo sijaisahau.

Jirani zetu wa Buganda wamekwisha kuuonja ukimya kama huo kwa machungu zaidi. Entenga, ngoma 15 za jumba la Kabaka, mfalme wao, 12 kati yake zikiwa zimelinganishwa sauti kama marimba, zilipigwa na watu sita. Mwezi Mei 1966 jeshi la serikali ya Uganda chini ya Obote lilishambulia jumba la Mengo. Wapigaji wakatawanyika na ngoma zikanyamaza. Miaka ya karibuni James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo aliwakutanisha vijana na mzee aliyekuwa bado anazikumbuka, zikapigwa tena. Kwangu mimi hicho ni kikundi cha muziki wa kale sawasawa na cha Vienna, tena kilichokuwa na kitu ambacho Harnoncourt hakuwa nacho: mtu aliye hai wa kuulizwa.

Sisi pia tuna pa kuanzia. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita mashariki ya Kongo, Rwanda na Uganda na mashine yake ya kurekodi; kanda zake zinatunzwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Alibeba pia uma za sauti, akapima vyombo uzi kwa uzi na kuandika namba. Miaka hiyohiyo Mmarekani Alan Merriam alikaa kwa Bashi, akaandika kuhusu vyombo vyao. Makala yake juu ya filimbi yetu ilitoka mwaka 1957. Namba za Tracey ni za thamani kuliko simu yangu, kwa sababu aliyezipima aliuliza chombo kinasema nini kabla ya kukifundisha.

Lakini kanda haionyeshi kidole kinaukwanyua uzi wapi, wala mpigaji anapumua saa ngapi katikati ya masimulizi. Hayo yako kwa mzee. Nimemwahidi kano mbichi kutoka kwa wachinjaji wa Kadutu. Atanifundisha kuianika na kuisokota. Uzi wa tatu nimeshauandika daftarini kama alivyouimba kwa mdomo siku ile: kati ya mi na fa, karibu zaidi na mi.