Gunia Si Kipimo: Huduma ya Kwanza ya Wavuti, kutoka Baray

Kitunguu kikishang'olewa na kukaushwa, swali linalobaki shambani ni moja: leo kinakwendaje? Anayelijua jibu wa kwanza ni dalali, maana simu yake inaongea na Karatu, Arusha na Nairobi tangu alfajiri. Mkulima wa kata ya Baray, huko chini kwenye bonde la Ziwa Eyasi, mara nyingi hulipata jibu hilo lori likishaondoka. Kwa kijana wa bondeni anayejifunza kuandika programu, sioni zoezi bora kuliko hili. Vitabu vya wanaoanza humtengenezesha orodha ya kazi za kufanya, kitu ambacho hakuna mtu nyumbani kwao atakayekiomba mara ya pili. Bei ya kitunguu wataiomba kila siku ya mavuno.

Huduma ya wavuti ni programu inayokaa kwenye seva ikingoja kuulizwa na programu nyingine. Tovuti ya kawaida hujibu kwa ukurasa uliopambwa ili mtu asome. Huduma hujibu kwa data tupu ili mashine isome, kisha mashine hiyo ndiyo ijue namna ya kumwonyesha mtu. Mtanzania aliyewahi kulipa ada au tozo ya serikali kwa simu ameshaitumia bila kuiona. Taasisi hupeleka ankara kwenye mfumo wa GePG wa Wizara ya Fedha na kurudishiwa namba ya malipo yenye tarakimu 12. Unapoiingiza namba hiyo kwenye simu, mtandao wa simu unauliza GePG: ankara hii ni ya nani, shilingi ngapi? Jibu linarudi, jina na kiasi vinatokea kwenye kioo, unabonyeza namba ya siri. Hakuna karani aliyepiga simu popote. Programu zimeulizana na kujibizana kwa utaratibu uliokubaliwa mapema, na huo utaratibu ndio kiini cha somo zima.

Huduma ya bei inaweza kuanza na mistari mitano. Hapa natumia lugha ya Python pamoja na Flask, zana ndogo ya Armin Ronacher iliyotoka mwaka 2010 kutokana na utani wa Siku ya Wajinga, na ambayo leo inafanya kazi za watu wazima. Faili liitwe app.py:

from flask import Flask
app = Flask(__name__)
@app.route("/bei/karatu")
def bei():
    return {"zao": "kitunguu", "bei": 1100, "kipimo": "kilo", "tarehe": "2025-07-14"}

Bei hiyo ni ya kubuni, msije mkamwonyesha mnunuzi. Ukishaisakinisha Flask, andika flask run, kisha fungua kivinjari kwenye anwani http://127.0.0.1:5000/bei/karatu. Utaona yale maneno yaliyomo ndani ya mabano ya mawimbi, na huo ndio mfumo wa data uitwao JSON, ambao karibu lugha zote za programu huuelewa. Kivinjari kimetuma ombi la aina ya GET, maana yake "nipe". Seva imeangalia njia iliyoombwa, ikaita kazi inayohusika, ikarudisha jibu pamoja na namba 200, yaani sawa. Ukiandika /bei/kartu utarudishiwa 404, yaani njia hiyo haipo. Ukiona 500, kosa ni la msimbo wako, usimlaumu mteja.

Wengi hukwama hapo hapo kwenye furaha. Wanamtumia mwenzao aliyeko Karatu ile anwani ya 127.0.0.1, naye anasema haifunguki. Haiwezi kufunguka. Namba hiyo ni namna ya kila kifaa kujiita chenyewe, hivyo simu ya mwenzako inajitafuta yenyewe na kukuta hakuna huduma. Mkiwa kwenye Wi-Fi moja, iwashe kwa flask run --host=0.0.0.0 na utumie anwani ya kompyuta yako ndani ya mtandao huo. Ikitakiwa ipatikane usiku kucha hata laptopu ikizimwa, itabidi ukodi nafasi kwenye seva. Hilo ni suala la pesa na la baadaye.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Angalia tena ule mstari wa mwisho: nimeandika kipimo kuwa ni kilo. Kitunguu cha bondeni huuzwa kwa gunia, na gunia ni mfuko tu. Kuna gunia lililoshonwa likiwa sawasawa na kuna lumbesa, lililojazwa likavimba na kushonewa kilemba juu. Wakala wa Vipimo umehangaika na jambo hili miaka mingi, na kanuni zinataka mazao yasifungashwe kuzidi kilo 100. Sokoni mambo yanajulikana. Wakulima wawili wakituma bei ya gunia siku moja, mmoja akiwa na lumbesa, huduma yako itasema soko limepanda kumbe ni mfuko uliopanda. Kompyuta haitakuonya, maana kwake zote mbili ni namba.

Kwa hiyo kabla ya kuandika msimbo zaidi, andika kwenye karatasi kile ambacho huduma itakubali na kile itakachokataa. Mimi ningekataa bei yoyote isiyoambatana na uzito uliopimwa kwa mizani. Huduma ina namna yake ya kukataa kwa adabu: hurudisha namba 400 na sentensi fupi, kwa mfano "taja kilo". Bei ihifadhiwe kama namba kavu, 1100, wala isiwe "1,100/=" kama tunavyoandika kwenye risiti. Ule mkato na ule mkwaju huigeuza kuwa maandishi, na ukitafuta wastani programu itagoma. Na siku ambayo hakuna bei, usiweke sifuri. Sifuri ni bei, nayo inasema kitunguu kinagawiwa bure. Acha nafasi iwe tupu.

Somo la pili linatoka kwa jirani. Kata ya Mang'ola imepakana na Baray, na jina lake lina ritifaa. Bei zikiwa nyingi utahitaji kanzidata. Python huja na SQLite, kanzidata inayokaa ndani ya faili moja, ile ile iliyomo kwenye kila simu ya Android. Anayeanza huunganisha maneno kwa mkono na kupata ombi la namna hii:

SELECT bei FROM bei_za_soko WHERE soko = 'Mang'ola'

Katika lugha ya SQL, ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Kanzidata inasoma 'Mang' na kudhani jina limekwisha, kisha inakutana na ola na kushindwa kuelewa. Karatu inafanya kazi, Mang'ola inarudisha 500. Wapo watakaofuta ritifaa na kulala usingizi, lakini tatizo walilolificha ni kubwa kuliko walilolitatua. Ikiwa herufi moja ndani ya jina inaweza kuvunja amri, basi mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika jina lililobeba amri nyingine, na kanzidata ikaitii. Udhaifu huu ni wa zamani na umeangusha mifumo mikubwa. Dawa yake ni fupi: usiunganishe maneno. Andika alama ya kuuliza mahali pa jina, WHERE soko = ?, kisha mpe SQLite jina pembeni. Hapo jina litachukuliwa kama jina, hata likiwa na ritifaa kumi. Vitabu vya Kiingereza hufundisha jambo hili kwa kumtumia mtu aitwaye O'Brien. Sisi tuna ng' kila mahali, kwa hiyo hatuna sababu ya kuligundua mwishoni.

Bado hujamalizana na Mang'ola. Simu nyingine huweka ritifaa iliyopinda, nyingine iliyonyooka, na watu wenye haraka huandika Mangola. Kwa kompyuta hizo ni sehemu tatu tofauti. Tenganisha jina la kuonyesha na alama ya kutafutia: kwenye anwani na kwenye jedwali tumia mangola, herufi ndogo, bila ritifaa. Jina kamili lihifadhiwe mara moja tu, kwa ajili ya kumwonyesha mtu. Fanya hivyo kwa kila soko, maana majina ya Kiiraqw nayo yana tahajia zake, na karani mmoja haandiki kama mwingine.

Saa nayo ina mtego. Mkulima akisema bei ya saa mbili asubuhi, anamaanisha 08:00. Hifadhi saa kwa mfumo wa saa 24, na ubadilishe wakati wa kumwonyesha. Zaidi ya hapo, seva ya kukodi huenda iko ng'ambo na saa yake kwa kawaida ni ya UTC, nyuma ya yetu kwa saa 3. Bei iliyoingizwa tarehe 15 saa 01:00 usiku, lori likipakiwa, itaandikwa tarehe 14 saa 22:00. Ukiwa na tarehe bila saa za eneo, utamwambia mtu bei ya leo kuwa ni ya jana.

Nani ataiuliza huduma hii? Wengi wa walengwa wana kiswaswadu, na kivinjari hawakitumii. Hapa ndipo utajua faida ya kujibu kwa data tupu, kwa sababu mlango mwingine unaweza kuongezwa bila kugusa hesabu za bei. Kampuni kama Africa's Talking ya Nairobi hupokea ombi la USSD, yaani menyu ya simu isiyohitaji intaneti, kutoka mtandao wa simu na kulileta kwenye anwani yako kwa POST, maana yake "pokea", likiwa na namba ya mpigaji na vitufe alivyobonyeza, mfano 1*2. Wewe unarudisha maandishi yanayoanza na CON kama mazungumzo yanaendelea, au END kama yamekwisha:

END Kitunguu Karatu: 1,100 kwa kilo. Bei ya 14/7, saa 2 asubuhi.

Unaweza kulijaribu hilo kwenye simu yao ya kuigiza kabla ya kutoa senti. Namba fupi ya kweli hutolewa chini ya usimamizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na ina gharama, kwa hiyo iombe baada ya watu kuonyesha kwamba wanaitaka.

Limebaki la nani anaingiza bei. Kusoma kuwe wazi kwa wote, lakini kuandika kuwe na ufunguo, na ufunguo upewe watu wachache mnaofahamiana ambao wana mizani. Dalali akiupata pekee, ataandika bei inayomfaa. Mkulima mwenye mzigo ghalani naye ana sababu zake. Pokea bei za watu watatu na urudishe ya katikati, pamoja na idadi ya waliotuma, ili anayesoma apime mwenyewe. Na ukihifadhi namba za simu za waliotuma, umeingia ndani ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na inayomtaka mkusanyaji wa taarifa za watu ajisajili kwenye Tume husika. Kwa toleo la kwanza mpe kila mtumaji alama, A, B na C. Jedwali libaki na soko, bei, kilo, saa na alama hiyo, bila namba za simu.