Mtoto akivimba jicho baada ya mafua, usikae naye nyumbani

MAMA mmoja kutoka wilayani Chamwino alimleta mwanawe wa miaka tisa, jicho la kushoto limevimba hata halifunguki. Kwa siku tatu alikuwa akimpaka mafuta ya macho, yale ambayo kaya nyingi za Dodoma zinayafahamu kwa sababu ya ugonjwa wa vikope. "Nilijua ni vikope, dokta," aliniambia. Simlaumu, huku kwetu jicho likiwa jekundu, hilo ndilo wazo la kwanza.

Lakini vikope havileti homa, wala havisukumi jicho likatokeza nje. Nilimfunua kope taratibu, nikamwomba afuate kidole changu. Alilia kwa maumivu na jicho halikusogea. Nikamuuliza mama kama mtoto alikuwa na mafua. Wiki nzima, akasema, tena makamasi mazito ya kijani.

Ugonjwa ulianzia hapo. Ndani ya mifupa ya uso, kando ya pua, kuna vyumba vya hewa vinavyoitwa sainasi. Kati yake na tundu la jicho kuna ukuta wa mfupa mwembamba kama karatasi, na usaha ukijaa sainasi, bakteria hupenya. Mara nyingine chanzo ni jino bovu la juu au kidonda karibu na jicho.

Maambukizi yakiishia kwenye ngozi ya kope, mtoto huvimba lakini jicho lenyewe huzunguka vizuri na anaona. Yakiingia nyuma, jicho hutokeza, huuma likizungushwa, na mtoto huona ukungu au vitu viwili viwili. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Uvimbe hubana mshipa wa fahamu wa jicho na mtoto anaweza kupofuka, au usaha ukafika kwenye ubongo.

Baba yake aliniuliza swali ambalo nalisikia kila mara: "Mbona hamumpigi MRI sasa hivi?" Kwanza ni antibayotiki ya kwenye mshipa, haisubiri picha. Pili, kwa kawaida tunaanza na CT-scan kwa sababu huchukua dakika chache na huonyesha vizuri mifupa na sainasi. MRI tunaiita pale maswali yanapobaki. Yenyewe huona nyama laini kuliko CT: hutofautisha uvimbe na jipu lenye usaha, huonyesha damu iliyoganda kwenye mishipa iliyo nyuma ya macho, na hukagua ubongo. Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye dalili hizi, hutusaidia pia kuona fangasi wakali wamefika wapi.

Mtoto huyu alipofikisha siku mbili kwenye dripu, homa haikushuka, akaanza kutapika na kulalamika kichwa. Ndipo tukampeleka MRI. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma inayo mashine hiyo, hivyo si lazima kusafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Dar es Salaam. Picha ilionyesha jipu limejibanza kwenye ukuta wa tundu la jicho. Ubongo ulikuwa salama. Usiku ule ule alipasuliwa, usaha ukatolewa.

Wazazi huogopa mashine hii bure. Inatumia sumaku, haina mionzi. Ina kelele kubwa na mgonjwa hulala bila kutikisika kwa nusu saa au zaidi, kwa hiyo mtoto mdogo huweza kupewa dawa ya usingizi. Mkiambiwa asile kuanzia saa fulani, msimpe hata uji. Vueni bangili, hereni, na hirizi yenye chuma. Na wewe fundi wa kuchomelea, kama chuma kiliwahi kukurukia jichoni, sema kabla hujaingia, maana sumaku inaweza kukivuta kikajeruhi jicho.

Kijana anaona. Alipokuja kliniki, mama alikuwa amembeba mdogo wake wa wiki kumi na moja, na kadi ilionyesha amekosa chanjo za wiki ya kumi. Chanjo ya penta, inayotolewa nchini tangu 2009, na ile ya nimonia, tangu 2013, huzuia baadhi ya bakteria wanaosababisha balaa hili. Nilimwelekeza chumba cha chanjo kabla hata sijampima kaka mtu.