Mbwa Wetu Tunayemwita Koko

Yafuatayo ni mazungumzo ya redio ya juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza.

Ukipita alfajiri kwenye mialo ya ziwa letu, iwe Kirumba, iwe Sengerema au kisiwani Ukerewe, humkosi mbwa yule. Ni wa kimo cha kati, manyoya mafupi ya rangi ya kahawia, miguu mirefu, mbavu zinahesabika. Amejikunja kando ya nyavu akisubiri dagaa watakaodondoka. Ukiuliza ni mbwa wa aina gani, utajibiwa kwa kicheko: "Huyo? Huyo koko tu."

Juma hili nataka tumzungumzie huyo koko, na sababu ni jirani yangu. Bwana huyu aliwanunulia watoto wake mbwa mdogo wa Kijerumani kwa fedha nyingi. Watoto walimpenda mno. Haikutimia miezi sita mbwa akafa kwa homa ya kupe. Watoto wakalia, na baba akanijia kuuliza wapi atapata mwingine kama yule. Nikamwuliza, "Kwa nini usichukue wa hapa hapa?" Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Siku ile sikumweleza vya kutosha. Leo nataka kumaliza maelezo yangu, kwani naamini wapo wengi wenye swali kama lake.

Kwanza tuelewane juu ya asili. Mbwa wa kienyeji hakutokana na mbwa mwitu wetu wa Serengeti. Hao ni wanyama wa jamii nyingine kabisa. Mbwa wote wa nyumbani duniani chimbuko lao ni mbwamwitu wa nchi za kaskazini, Ulaya na Asia. Waliingia Afrika zamani sana, wakashuka kusini pamoja na wafugaji na wakulima. Katika makaburi ya kale ya Misri imo michoro ya mbwa wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja. Umbo hilo bado tunaliona vijijini kwetu.

Miaka hiyo yote hakuna mtu aliyemchagua kwa uzuri wa manyoya. Waliochagua ni kupe, mbung'o, jua na njaa. Asiyestahimili alikufa kabla ya kuzaa, na aliyestahimili akaacha watoto. Hii haina maana kwamba mbwa wetu haugui. Anaugua, na wengi hufa wakiwa wadogo. Lakini anayefikia utu uzima huwa amerithi mwili ulioizoea nchi hii, ambapo mgeni kutoka Ulaya anahitaji kulindwa karibu kila juma asije akaumwa na kupe.

Pili, hebu tutazame majirani zetu wa Kongo. Huko kuna mbwa mdogo wa kuwindia asiyebweka kama wengine. Hutoa sauti kama ya kuimba, na wawindaji humfunga kengele shingoni ili wajue alipo porini. Waingereza walijaribu kumpeleka kwao tangu mwaka 1895, lakini mbwa hao walikufa kwa maradhi. Walifanikiwa katika miaka ya 1930, na mwaka 1937 mbwa hao walionyeshwa katika maonyesho makubwa ya mbwa huko London. Wakampa jina la basenji. Msikilizaji, litafakari jina hilo. Ni neno la Kilingala la kuwataja watu wa shamba, na lina undugu na neno letu washenzi. Hapa kwetu pia walowezi walimwita mbwa wa mwananchi mbwa shenzi. Leo huyo "mshenzi" wa Kongo ananunuliwa kwa bei kubwa Ulaya na Marekani, na ana cheti cha ukoo wake.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Kwa kuwa basenji wa ng'ambo walitokana na mababu wachache, ndugu walizaa na ndugu, na maradhi ya kurithi yakazidi, hasa ugonjwa mmoja wa figo. Wafugaji wakatambua kwamba dawa iko vijijini Afrika. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walisafiri hadi Zaire ya wakati ule kutafuta damu mpya, na mwaka 1990 chama chao cha mbwa kikafungua daftari lake ili kuwaandikisha wageni hao. Yaani mbwa wa kijijini, asiye na cheti, ndiye aliyekwenda kuwaokoa wenye vyeti.

Je, mbwa wetu yumo hatarini? Kwa hesabu ya vichwa, hapana. Mbwa ni wengi. Kinachopotea ni mbegu. Mwaka 2009 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wa damu za mbwa wa vijijini zaidi ya 300 kutoka Misri, Uganda na Namibia. Mbwa wa Uganda, jirani zetu wa ziwa hili hili, wengi wao walikuwa bado wana asili ya Kiafrika. Sehemu kubwa ya Namibia, mbwa walikuwa wamekwisha kuchanganyika na wale wa Kizungu. Basi kila mbwa wa kigeni anayeachwa azurure usiku mitaani kwetu anafanya kazi ile ile. Hakuna daftari la mbwa wa Usukuma. Siku akitoweka, hakuna atakayejua tarehe.

Sasa tuje kwa mwenye nyumba anayetaka mbwa. Nasema wazi kwamba mbwa wa kienyeji hamfai kila mtu. Amezoea kujiamulia mambo yake. Anapenda kutembea, na kuku wa jirani humshawishi. Kama huna ua, au huna muda wa kumfunza, usimchukue. Aidha, ndugu zetu wengi kwa sababu za dini hawaweki mbwa ndani ya nyumba, nao wanayo haki yao; mbwa wa ulinzi anaweza kukaa vizuri kwenye banda lake uani.

Ukiwa tayari, mchague akiwa na umri wa juma la nane hivi, wala si mdogo zaidi, kwa kuwa anajifunza adabu kwa mama yake. Mtazame mama huyo: akiwa mkali kupita kiasi, au mwenye hofu ya watu, tafuta pengine. Chukua mtoto anayekujia mwenyewe, mwenye macho makavu, asiye na tumbo lililovimba kwa minyoo. Mpe ugali uliochanganywa na dagaa, wala si ugali mtupu; na maji safi kila siku. Usimpe matumbo mabichi ya machinjioni, kwani humo hupata minyoo ya tegu inayoweza kuingia kwa watoto wako. Usimfunge mnyororo mchana kutwa ukidhani unamfanya mlinzi. Unamfanya mwenda wazimu. Kama hutaki azae, daktari wa mifugo atamhasi. Na kumbuka kwamba tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtesa mbwa ni kosa.

Nimebakiza jambo kubwa kuliko yote, nalo ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi Asia na Afrika, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Miongoni mwa wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, hakuna dawa. Kwa hiyo mtoto akiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Wapo wanaosema tuwaue mbwa wote wa mitaani. Njia hiyo imejaribiwa nchi nyingi na haikuumaliza ugonjwa, kwani wanaouawa ni pamoja na waliochanjwa, na nafasi zao huchukuliwa na wageni wasiochanjwa. Kinachoukomesha ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Chanjo hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu na hurudiwa kama daktari atakavyoagiza. Lengo la dunia ni kwamba ifikapo mwaka 2030 asife mtu kwa kichaa kilichotokana na mbwa. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Sisi ufuko tunauona. Kilichobaki ni kila mwenye mbwa kumpeleka kwenye chanjo, naye mbwa asiye na mwenyewe apate mwenyewe.

Hapo ndipo maneno yangu kwa jirani yanapotimia. Mbwa anaitwa koko kwa kuwa hana wa kumwita kwa jina. Mpe jina, ua, chanjo na sahani ya ugali kwa dagaa, uone kama ataendelea kuwa koko. Juzi nilipita kwake. Watoto walikuwa wakimkimbiza uani mbwa mdogo wa kahawia, masikio yamesimama. Baba mtu hakusema kitu, ila alinionyesha kadi ya chanjo.