TAASISI ZETU NA AMANA YA MAZINGIRA

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi na wazazi, sisi wa Buswelu ni majirani wa Ziwa Victoria. Maji ya bomba ya Mwanza hutoka humo, na ndiyo tunayonywa na kutawadhia. Humo hutoka sangara na dagaa, na humo huishia maji machafu ya mitaa na viwanda.

Madhara huingiaje?
Kiwanda cha samaki hutoa maji yenye damu na mafuta. Yakimwagwa bila kusafishwa, vijidudu huozesha uchafu huo vikitumia oksijeni iliyomo majini, na samaki hukosa pumzi. Naitrojeni na fosforasi zinazobaki huwa mbolea ya mwani na magugu maji, mmea uliovamia ziwa hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Sheria inasemaje?
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila aishiye Tanzania haki ya mazingira safi na salama, pamoja na wajibu wa kuyalinda. Mradi mkubwa ni lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza. Aidha, shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira zimekatazwa ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto.

Je, kufuata sheria kunaua ajira?
Wapo wasemao kwamba viwanda vikibanwa, wazee wetu watakosa kazi. Tukumbuke mwaka 1999, Umoja wa Ulaya uliposimamisha kununua samaki wa ziwa hili kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Wavuvi na viwanda wote waliumia, hata wasiotia sumu. Kilichotishia riziki ni uharibifu, si sheria.

Cheti peke yake hakitoshi
Mwaka 1996 Shirika la Viwango la Kimataifa lilitoa kiwango kiitwacho ISO 14001. Taasisi inayokifuata hupanga, hutekeleza, hujikagua, kisha hurekebisha, na huanza tena. Sisi Waislamu jambo hili tunalijua: ni muhasaba, mtu kujihesabu mwenyewe kabla hajahesabiwa. Mkaguzi wa serikali huja siku moja na kuondoka, lakini Allah anaona bomba linalofunguliwa usiku.

Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi. Wa chini walitaka kutoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiwa, wote huokoka. Mwenye kiwanda asemaye "hiki ni kiwanja changu" ni kama hao.

Na madrasa nayo ni taasisi. Basi tujiulize: taka zetu hutupwa wapi? Shimo la choo liko umbali gani na kisima? Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, yaani ujazo wa viganja viwili, sisi tunafungua bomba kwa kiasi gani?

Tuanze na ua wetu, kisha tuwakumbushe wengine kwa hekima. Wabillahi tawfiq.