Kidole cha mwisho cha mpiga besi

Maji ya mvua yanayopita Korongo la Oldupai huishia kwenye bonde la Olbalbal, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro. Ndani ya korongo hilo, mwaka 1960, familia ya Leakey ilifukua mifupa ya mkono wa kiumbe aliyeishi karibu miaka milioni 1.8 iliyopita. Miaka minne baadaye Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier walimtangaza kwa jina la Homo habilis, na Napier ndiye aliyekuwa bingwa wa mambo ya mkono katika watatu hao. Kisha mwaka 2015 kundi jingine la watafiti likatoa habari za mfupa mmoja mdogo kutoka korongo hilohilo, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 1.84: pingili ya kwanza ya kidole cha mwisho, cha mkono wa kushoto. Katika mifupa yote ya mikono ya zama za kale, walisema, huu ndio wa zamani zaidi wenye umbo la kidole cha mtu wa leo.

Wanasayansi walikuwa na sababu zao za kuufurahia. Mpiga gitaa la besi angekuwa na yake, kwa kuwa kidole hichohicho cha mkono huohuo ndicho kinachomtesa kila anapopanda jukwaani.

Besi ni gitaa refu. Tangu Leo Fender alipoingiza sokoni besi yake ya umeme mwaka 1951, urefu wa uzi unaotetema kwenye besi nyingi umebaki inchi 34, yaani sentimita 86 hivi. Matokeo yake yanaonekana shingoni. Kutoka freti ya kwanza hadi ya nne kuna takriban sentimita 13, wakati kwenye gitaa la solo hazifiki hata 10. Ukitaka kila kidole kimiliki freti yake, kiganja lazima kitanuke kama shubiri inayopimwa, na anayebebeshwa mzigo wa mwisho ni yule mdogo kuliko wote. Ndiyo maana wapigaji wengi wa kujifundishia nyumbani hukikunja kidole hicho nyuma ya shingo na kumaliza ibada nzima kwa vidole viwili.

Lawama si za kidole chenyewe. Ndani ya vidole hamna misuli ya kuvikunja wala kuvinyoosha. Nguvu kubwa inatoka kwenye kigasha na kufika vidoleni kwa kano ndefu. Tena kano zinazoinua kidole cha kati, cha pete na cha mwisho zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe nyuma ya kiganja. Weka mkono mezani, kikunje cha kati chini ya kiganja, halafu jaribu kukiinua cha pete peke yake. Hakitainuka. Kwa hiyo anayeahidi kuvifanya vidole vyote vinne viwe huru sawasawa anauza dawa ya mtaani. Robert Schumann, mtunzi wa Kijerumani, aliharibikiwa na kidole cha mkono wa kulia katika miaka ya mwanzo ya 1830, na ndoto yake ya kuwa mpiga piano mkubwa ikafa hapo. Wengi wamekilaumu kifaa alichokitumia kukizoeza kidole. Wengine wanaona ulikuwa ugonjwa wa neva.

Kinachowezekana ni kuvipasha vidole joto na kuvizoeza kushirikiana. Kupasha kwanza, na hapa mtu wa Ngorongoro ana sababu kuliko wa Dar es Salaam. Ukingo wa Kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti asubuhi za huko zinaumiza vidole hata kabla ya kugusa chuma. Olbalbal iko chini zaidi na jua lake la mchana ni kali, lakini alfajiri yake nayo si ya mzaha. Baridi hupunguza kasi ya neva na kukaza misuli. Zungusha mabega, kung'uta mikono, sugua vigasha, shika kikombe cha chai ya moto kwa mikono miwili dakika kadhaa. Kuvivuta vidole kwa nguvu vikiwa bado baridi ni kutafuta maumivu.

Halafu ndipo gitaa. Usianzie karibu na kichwa cha gitaa kwenye nafasi pana. Anzia freti ya tano hadi ya nane. Kwenye uzi mnene piga moja, mbili, tatu, nne, kila kidole na freti yake, na usikiondoe kilichotangulia mpaka kinachofuata kimeshika. Hamia uzi unaofuata. Metronomu ya kwenye simu iwe mipigo 60 kwa dakika, noti moja kwa kila mpigo. Vidole vinne vina mipangilio 24, lakini mimi ningeanza na ile inayofunguliwa na kidole cha mwisho: nne-tatu-mbili-moja, nne-mbili-tatu-moja. Hiyo ndiyo tunayoikwepa. Mkono wa kulia, cha shahada na cha kati vipokezane bila kudanganya.

Nguvu ya kubana nayo ina kipimo. Gusa uzi kwa ulaini hadi ulie kama umeziba, kisha ongeza kidogokidogo nyuma tu ya freti mpaka sauti itoke safi. Ishia hapo. Zaidi ya hapo ni kuchoka bure. Na mkanda uwe mfupi. Besi inayoning'inia magotini inapendeza kwenye video, lakini inaukunja mkono na kuzisugua kano. Kidole kikianza kufa ganzi, simamisha mazoezi.

Umeme si kisingizio. Egemeza pembe ya gitaa kwenye kabati au mlango wa mbao, utasikia besi yako bila spika. Jirani naye atasikia.

Wepesi wa vidole una mpaka wake. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown ya Detroit, alikung'uta nyuzi kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia.  Hata kwenye dansi la akina Suleiman Mwanyiro, yule "Computer" wa bendi za Mlimani Park na Msondo, besi huacha nafasi ili magitaa mengine yajibizane.

Nafasi hiyo inahitajika zaidi Olbalbal. Wimbo wa Kimaasai kwa asili hauna ngoma wala gitaa. Olaranyani anaongoza, wanaume wanaitikia kwa mngurumo wa kooni, na mngurumo huo ndio besi. Uzi mnene wa gitaa la besi ukiachwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde. Sauti nzito za wanaume kwa kawaida ziko mara mbili ya hapo na kuendelea. Mpiga besi wa kwaya ya huko anayezurura katikati ya shingo anagombania chumba na waimbaji wake mwenyewe. Inabidi ashuke, na kushuka maana yake ni kurudi kwenye zile sentimita 13.

Wenye mikono midogo wana njia ya Franz Simandl, mwalimu wa kontrabasi: chini kule tumia kidole cha kwanza, cha pili na cha nne, cha tatu kikikisaidia cha nne kubana. Haikiachi nje kidole cha mwisho. Mwimbishaji akianza kwa A flati, besi inaipata A flati kwenye freti ya nne ya uzi mnene, D flati kwenye freti ya nne ya uzi unaofuata, na E flati kwenye freti ya kwanza ya uzi wa tatu. Kodi tatu, na mbili kati ya hizo ni za kidole cha mwisho.