Mkanda wa Jeshi: Saa 72 za Kuwahi Famasi

Huko nyumbani, miaka ya tisini, mkanda wa jeshi ulitajwa kwa sauti ya chini. Ulikuwa miongoni mwa dalili zilizojitokeza mapema kwa watu wenye VVU, na kabla dawa za kufubaza virusi hazijaenea, aliyeonekana nao alihukumiwa na mtaa mzima. Hofu hiyo tumehama nayo hadi Uingereza. Mpaka leo wapo wanaovaa shati pana, wakameza paracetamol na kungoja upite wenyewe. Kungoja huko ndiko hasara, kwa sababu dawa yake hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee.

Chanzo ni kirusi kilekile cha tetekuwanga. Ukishapona tetekuwanga, kirusi hakiondoki; hujificha kwenye mizizi ya neva, hata kwa miaka 40. Kinga ikilegea, iwe kwa umri, maradhi au dawa fulani, huamka na kufuata neva hadi kwenye ngozi. Kila neva ina eneo lake upande mmoja wa mwili, ndiyo maana vipele hujipanga kushoto au kulia tu na kwa kawaida havivuki katikati. VVU ni sababu moja tu kati ya nyingi, na umri mkubwa ni mojawapo. Mwenye wasiwasi apime: kipimo na matibabu ya VVU kwenye NHS ni bure, hata kwa asiye na makaratasi.

Maumivu hutangulia. Kwa siku kadhaa ngozi huwaka, huchoma au huwasha, mara nyingi ubavuni, kifuani au mgongoni, na mtu hudhani amejitegua kazini. Kisha hutokea vipele vinavyogeuka malengelenge yenye maji. Picha nyingi za vijitabu vya afya huonyesha wekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huo huenda usionekane, badala yake ukaona zambarau au weusi uliozidi. Basi tazama upande mmoja, malengelenge na maumivu.

Zamani hatua ya kwanza ilikuwa foleni ya simu ya GP saa mbili asubuhi, na siku zikayoyoma. Tangu 31 Januari 2024, huduma ya Pharmacy First nchini England inawaruhusu wafamasia kutibu magonjwa 7, mkanda wa jeshi ukiwemo, bila cheti cha daktari. Mwambie mfamasia una dalili za shingles, yaani mkanda wa jeshi. Atakuita kwenye chumba cha faragha, atatazama vipele na kuuliza vilianza lini, una umri gani na unatumia dawa gani. Ushauri ni bure. Dawa hulipiwa ada ya kawaida ya NHS, isipokuwa kwa waliosamehewa, kama wenye miaka 60 na zaidi. Aghalabu dawa ni aciclovir, mara 5 kwa siku kwa siku 7. Haikiui kirusi, bali hukizuia kuzaliana. Kijana mwenye vipele vichache kifuani na maumivu madogo huenda asiihitaji.

Mfamasia hatibu kila mtu. Mjamzito na aliye chini ya miaka 18 hupelekwa kwa daktari. Vipele vikiwa karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, uso ukipooza upande mmoja, au shingo ikikakamaa pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mkanda wenyewe hauambukizi mkanda, ila maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga ambaye hajawahi kuugua. Watu waliokulia nchi za joto mara nyingi hufika utu uzima bila kuugua tetekuwanga, kwa hiyo funika vipele na ukae mbali na wajawazito na watoto wachanga hadi vikauke. Wazazi wetu wenye miaka 70 hadi 79 wana haki ya chanjo, dozi mbili, bure.

Vipele vikitokea Ijumaa jioni, kufikia Jumatatu jioni saa 72 zimekwisha. Famasi nyingi hufungua Jumamosi. Piga simu uulize kama mfamasia yupo, kisha nenda.